Nimemaliza kazi ya siku tisa kwa siku mbili, malipo yake yakawa kuongezewa kazi

Ankara (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Jambo hili nimelibeba moyoni tangu Mei.

Mimi ni mhasibu katika kampuni ya kusafirisha mizigo hapa Dar. Sitaitaja. Chumbani tupo wawili: mimi, mwaka wa nne kazini, na mzee mmoja aliyenipokea, yeye ana zaidi ya miaka 20 hapo. Namheshimu na nitaendelea kumheshimu. Asije mtu akasoma hapa akadhani nimekuja kumsema.

Kazi yenyewe ni hii. Kila mwisho wa mwezi tunalinganisha daftari letu la fedha na taarifa za benki: akaunti tatu, pamoja na laini ya simu ya kupokelea malipo. Mwezi wenye shughuli unakuwa na mistari 1,800 hivi, na kila mstari lazima utafutiwe mwenzake. Nilipofika niliikuta kazi inafanywa kwa karatasi. Unachapa taarifa ya benki, unaweka rula chini ya mstari, unautafuta kwenye daftari, ukiupata unapiga tiki kwa kalamu nyekundu pande zote mbili. Siku tisa. Ukiruka mstari mmoja siku ya saba, unarudi kuusaka na macho yameshachoka.

Nikaja kugundua kwamba mistari mingi iliyokuwa inatusumbua haikuwa na shida ya pesa, shida ilikuwa uandishi. Benki inaandika namba ya ankara na sifuri mbili mbele, sisi tunaandika bila sifuri. Mteja akilipa kwa simu anaacha nafasi katikati ya namba. Kwa jicho la mtu ni namba ile ile, kwa kompyuta ni namba mbili. Nikatumia Jumamosi jioni tatu, nyumbani kwangu, kuandaa faili la Excel linalosafisha namba kwanza ndipo lizilinganishe. Mwezi wa kwanza kulijaribu, katika ile 1,800 ikabaki mistari 43 isiyo na mwenzake. Hiyo 43 nikaipitia kwa macho, mmoja baada ya mwingine. Siku mbili kazi imekwisha, na humo ndani nikakuta malipo ya mteja mmoja yaliyokuwa yameingizwa mara mbili miezi mitatu nyuma na hakuna aliyeyaona.

Nilipeleka kwa meneja nikiwa na furaha ya mtu aliyeleta kitu. Wiki hiyo hiyo nikakabidhiwa ufuatiliaji wa madeni ya wateja. Mwezi uliofuata, kasha la fedha ndogondogo. Mshahara ule ule.

Ikaja tathmini ya mwaka. Kipengele cha kujituma nikapewa 2 kati ya 5. Nikauliza kwa nini. Meneja akanijibu kwa upole kabisa: "Wewe ni mwepesi, hilo nakubali. Lakini saa 11 ikifika umeshabeba begi. Mwenzako mimi namwacha hapa saa 2 usiku." Mei Mosi mzee akapewa cheti cha mfanyakazi hodari na bahasha ya 500,000. Nilisimama nikampigia makofi ya kweli. Mtu ameinamia rula miaka 20, anastahili.

Kinachonitesa ni nilichofanya baada ya hapo. Tangu Juni kazi naimaliza siku ya pili na naituma siku ya nane. Faili lipo tayari, nalifungua kwenye kioo, nalisogeza juu na chini ili anayepita aone nina shughuli. Naondoka saa 1 usiku. Mtoto wangu wa miaka mitatu namwacha amelala na namkuta amelala. Na tathmini ya juzi, kujituma nimepanda hadi 4.

Tumelelewa kusifia jasho. Mchumia juani hulia kivulini, tumeimbishwa hivyo tangu shule ya msingi. Nchi ilipopata uhuru 1961 kaulimbiu ilikuwa Uhuru na Kazi, na 2015 tukaambiwa Hapa Kazi Tu. Sina ugomvi na jasho hata kidogo. Ila jasho linaonekana, na bosi analipa anachokiona. Malipo yaliyoingizwa mara mbili yakagunduliwa mapema hayaonekani.

Naomba kujua kwenu, kwa kazi mnazofanya: ukimaliza mapema, nini kinakupata?

Kifungu

Mkuu Ankara, kabla ya wengine hawajafika, hebu tumtazame huyo mzee maana naona hata yeye anaumia na hajui. Kwenu saa za kawaida ni zipi? Mnalipwa ovataimu?

Ankara

Saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, katikati saa moja ya chakula. Jumamosi hadi saa 7 mchana. Ovataimu hakuna, sijawahi kuisikia pale.

Kifungu

Basi hizo ni saa 45 kwa wiki, ndiyo kikomo cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004. Mzee akikaa hadi saa 2 usiku siku tano za wiki, anaongeza saa 15. Kwa wiki nne ni 60. Sheria hiyo hairuhusu zaidi ya saa 50 za ziada katika wiki nne, na kila saa ya ziada hailipwi chini ya mara 1.5 ya mshahara wa msingi.

Tufanye hesabu, wewe ndiye mhasibu utanikosoa. Tuseme, kwa mfano tu, msingi wake ni 900,000. Ili kupata saa moja, unagawanya kwa 4.333 kisha kwa 45, unapata 4,616 hivi. Mara 1.5 ni 6,924. Mara saa 60 ni kama 415,000. Hiyo ni kila wiki nne. Yeye kapewa bahasha ya 500,000 mara moja, na cheti.

Mwajiri anaweza kujitetea kwamba hakumwagiza abaki, na kweli ovataimu inatakiwa iwe ya makubaliano. Lakini mwajiri anayempa mtu tuzo kwa sababu anabaki, atasemaje hakujua anabaki? Tahadhari moja: masharti haya ya saa hayamhusu anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Mzee kama ni mhasibu wa kawaida, yanamhusu.

Kwa hiyo usiseme kampuni yenu inalipa jasho. Inalisifia tu.

Ankara

Nimeisoma hesabu hii mara tatu. Sikuwa nimeliona hivi.

ZamuYaUsiku

Kaka Ankara, pole kwa yote. Mimi ni muuguzi, wodi ya wazazi, na nataka niseme kitu ambacho pengine hakitakufurahisha. Kuna kazi ambazo hazina kumaliza. Mama akiwa kwenye uchungu, mapigo ya moyo wa mtoto tunayasikiliza kila nusu saa, njia tunaipima kila saa nne, tunaandika. Hakuna faili la Excel litakalofanya saa nne ziwe mbili. Kazi yangu ni kuwepo. Ukinilipa kwa idadi ya akina mama waliojifungua mikononi mwangu, utakuwa umenifundisha kuwaharakisha, na kuharakisha uzazi ni kutafuta msiba.

Lakini hapo kwenye kutoonekana nakuunga mkono kwa moyo wote. Mwaka jana kuna usiku mwenzangu aliona mstari wa kwenye chati ya mama mmoja umeanza kulala, yaani njia haifunguki inavyotakiwa, akamwita daktari saa 8 usiku bila kusubiri. Mama akapelekwa upasuaji, mtoto akalia, asubuhi tukakabidhiana zamu kama siku nyingine. Hakuna aliyemwambia asante. Wiki mbili baadaye zamu nyingine walichelewa kuona, ikawa mbio, damu, kelele, watu wanne wanasukuma kitanda. Wakaokoa, Mungu mkubwa, na kwenye kikao wakasifiwa kwa kujitoa. Walistahili, nilikuwa nawatazama walivyochoka. Ila aliyeona mapema jina lake halikutajwa, kwa sababu usiku wake haukuwa na tukio.

Timazi

Huku kwetu kwenye ujenzi hilo liliisha zamani. Kazi ya kutwa, fundi anachanganya mchanga hadi jioni. Ukimpa kwa tofali, anaruka. Lakini lazima uwepo na timazi na pimamaji mkononi, maana fundi wa tofali anaweza kukuachia nafasi kati ya tofali na tofali bila kujaza, kwa nje anapaka juu juu huoni. Kulipa kwa kipande bila kukagua ni kununua ufa.

Mama Sare

Wanangu, mimi ni mwajiri, nina mafundi wanane, tunashona sare za shule. Acha niseme upande wetu, maana huwa tunatajwa kama tuna roho mbaya.

Zamani nililipa kwa mwezi. Desemba na Januari ndiyo msimu, wazazi wamejaa mlangoni, na kuna fundi anashona mashati saba na mwingine matatu, mshahara mmoja. Nikahamia kulipa kwa nguo. Kazi ikatoka haraka, sikatai. Mwaka wa pili nikaanza kuona kitu. Nina dada mmoja ana mkono wa kola, kola yake inakaa shingoni kama imezaliwa hapo. Wanafunzi wa ufundi walikuwa wanakaa pembeni yake, anawashikia kitambaa, anafumua anawaonyesha. Tangu nilipoanza kulipa kwa nguo, akaacha. Nikamuuliza, akaniambia: "Mama, nikimfundisha huyu kola moja, nimepoteza shati langu zima." Alikuwa na haki kabisa. Mimi ndiye niliyeweka bei kwenye shati na sikuweka bei kwenye kufundisha.

Sasa wana msingi wa mwezi, juu yake kwa nguo, na huyo dada ana fungu lake kwa kila mwanafunzi ambaye kola yake imepita mkononi mwangu bila kufumuliwa. Bado sijafika ninapotaka.

Kwa mwanangu Ankara: meneja wako pengine hajui unachofanya. Mimi cherehani naijua, naweza kushika shati nikakwambia limeshonwa na nani. Asiyeijua kazi atapima nini, kama si saa ulizokaa?

Mjukuu wa Mkonge

Mama Sare umenikumbusha mbali. Babu yangu alikata mkonge Korogwe, enzi za mkoloni hadi baada ya uhuru. Kule walikuwa na kipande: kadi yenye nafasi za siku 30, na siku haikuhesabiwa mpaka umalize ngwe yako. Ngwe ndiyo lilikuwa neno, sehemu uliyopimiwa asubuhi. Babu alikuwa anatoka nyumbani saa 10 alfajiri na umande, majani ya mkonge yanachoma, ana kovu kwenye goti mpaka anakufa. Saa 5 asubuhi kamaliza ngwe, wamehesabu mizigo yake, kadi imetiwa alama, anarudi kulima mihogo yake mwenyewe. Hakuna aliyemuuliza mbona unaondoka mapema.

Sasa sikiliza hii. Alisema walikuja vijana wenye nguvu, wakawa wanamaliza saa 3. Nyapara akaona, msimu uliofuata ngwe ikaongezwa, malipo yale yale. Wazee wakawaita wale vijana jioni wakawaonya. Tangu hapo hakuna aliyetoka shambani kabla ya saa 5, hata kama panga lake limepumzika saa nzima chini ya kivuli.

Mkuu Ankara, hilo faili unalolifungua na kulisogeza juu na chini ndilo panga la babu.

Daftari la Mzumbe

Nilisoma mambo ya rasilimali watu, na hadithi ya babu wa Korogwe ina ndugu yake Marekani. Mhandisi Frederick Winslow Taylor, mwishoni mwa miaka ya 1890, alikuwa kiwanda cha Bethlehem Steel, Pennsylvania, akipima vibarua waliopakia chuma kwenye mabehewa. Kwa maelezo yake mwenyewe, mtu mmoja alitoka kubeba tani 12 na nusu kwa siku akafika 47. Mshahara ukatoka dola 1.15 ukafika 1.85. Chuma kiliongezeka karibu mara nne, ujira ukaongezeka asilimia 60. Salio lilibaki kwa mwenye kiwanda.

Lakini Taylor huyo huyo aliandika waziwazi kwamba wafanyakazi hujizuia makusudi, na sababu aliijua: wakiongeza mwendo, bei ya kipande inashushwa. Hakuwa anazungumzia uvivu. Ni hesabu ambayo mtu yeyote mwenye akili angeifanya, na wale wazee wa mkonge waliifanya bila kumsoma.

Mfano wa pili unaelekea upande mwingine, na ndio ninaoupenda. Safelite, kampuni ya kubadilisha vioo vya magari, hukohuko Marekani, mwaka 1994 na 1995 ilihama kutoka kulipa kwa saa ikaanza kulipa kwa kioo. Mchumi Edward Lazear akachambua takwimu zake: kazi kwa kila mfanyakazi ilipanda asilimia 44. Karibu nusu ilitokana na watu wale wale kuongeza mwendo, sehemu nyingine ilitokana na wepesi kuvutiwa kuja na kubaki. Malipo yao yalipanda asilimia 10 hivi. Na lile swali la Timazi walilijibu: aliyeweka kioo kikaharibika alirudi kukirekebisha kwa muda wake mwenyewe. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na timazi yake mfukoni.

Ila angalieni tena, 44 kwa 10. Hata panapofanyika vizuri, mfanyakazi anapata kipande kidogo cha alichoongeza. Wewe Ankara hujapata hata hicho.

Chaki

Walimu tupo hapa. Tulijaza fomu za tathmini za OPRAS, sasa tunajaza PEPMIS, tathmini ya mtandaoni, naingiza utekelezaji kwenye simu usiku mtandao ukitulia. Andalio la somo lipo, azimio la kazi lipo. Nina mtoto wa darasa la pili aliyekuja hajui herufi hata moja, Agosti kaanza kusoma sentensi yake ya kwanza akiwa ameshika kitabu juu chini kwa furaha. Sijui nimwingize sehemu gani ya fomu.

MajaniMabichi

Salamu kutoka Kericho. Kwetu kwenye chai tunalipwa kwa kilo, kwa hivyo hilo swali la mwenye bidii na mwenye kasi mizani ndiyo hulimaliza. Shida ni pale kasi ilipokuja na mashine ya kuvuna. Mashine moja inachukua nafasi ya watu wengi, na 2023 watu walizichoma huku kwa hasira. Sisemi kuchoma ni sawa. Lakini ndugu Ankara, fikiria hili: lile faili lako ni mashine pia. Meneja akilielewa vizuri, ataona chumba chenu kinahitaji mhasibu mmoja. Umeshawahi kufikiria ni nani atabaki?

Ankara

Wakuu, nimekaa siku nne bila kujibu kwa sababu ya swali hili la ndugu yetu wa Kericho. Ndiyo, nimelifikiria, na nadhani hicho ndicho kilichokuwa kinanifanya nisimwonyeshe mzee faili langu muda wote huu. Nilikuwa najiambia hataelewa. Si kweli. Niliogopa kwamba akilijua tutakuwa wawili wenye kasi na kazi ya mmoja, na kati yetu ninajua nani ataambiwa apumzike.

Jumamosi nilimwomba tubaki baada ya saa 7. Nikamwonyesha. Alitazama sifuri zinavyoondoka mbele ya namba, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Kisha akaniuliza malipo yale yaliyoingizwa mara mbili niliyaona vipi. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akasema, "Yale mimi ndiye niliyeyapigia tiki." Sikuwa najua. Alisema akifika mstari wa 1,000 na kitu huwa haoni vizuri, ndiyo maana anabaki usiku: anarudia kila ukurasa, kwa hofu. Miaka yote nilidhani anajionyesha kwa bosi.

Nikamwonyesha na hesabu ya Kifungu. Hakusema kitu, ila aliinakili kwenye daftari lake dogo.

Mwisho wa mwezi huu tulifanya pamoja. Mimi nikaachia kompyuta ilinganishe, yeye akachukua mistari iliyobaki bila mwenzake. Ilikuwa 51. Humo kwenye 51 mimi sifui dafu mbele yake. Anamjua mteja ambaye miaka yote analipia ankara mbili kwa mkupuo, anamjua ambaye hutuma kwa jina la shemeji yake. Mistari ambayo mimi ingenichukua nusu siku kupigia watu simu, yeye aliimaliza akiwa amekaa. Hiyo nayo haipo kwenye fomu ya tathmini, wala kwenye faili langu.

Ijumaa tuna kikao na meneja, sote wawili. Tumeandika ukurasa mmoja. Nimetumia neno la babu wa Korogwe: ngwe. Kazi zetu ni hizi, kila moja mwisho wake ni tarehe fulani, ubora wake unapimwa kwa makosa yatakayokutwa mwezi unaofuata. Ngwe ikiisha saa 11, hatuna deni la kukaa. Kikiongezwa kitu kipya, kiandikwe na kiwe na bei. Na ngwe isiongezwe kwa sababu tumeimaliza mapema; hilo mzee ndiye aliyesisitiza liandikwe kwanza, kabla hata ya mshahara.

Mama Sare

Mwanangu, nendeni na ile 51 mkononi. Mwelezeni meneja, mteja mmoja baada ya mwingine, jinsi mzee alivyomtambua. Mimi ningekuwa meneja wako, hicho ndicho kingenizuia kufikiria kubaki na mmoja.

Kifungu

Tengenezeni nakala mbili, asaini zote, moja mbaki nayo. Na mzee aanze leo kuandika saa anayoingia na anayotoka, kwenye daftari lile lile dogo.

Ankara

Ameshaanza. Jana kaandika 11:10 jioni. Tulishuka ngazi pamoja, na nilipofika nyumbani mtoto alikuwa bado anakula.